Majina matatu, dawa moja

Leo naweka pembeni nyanya na mahindi. Nataka kuwasimulia kosa nililofanya mwenyewe mwaka jana, kosa ambalo kila wiki nawakataza ninyi msilifanye shambani.

Wengi mmenisikia nikilisema. Mkulima ananionyesha pakiti mbili za dawa ya ukungu wa nyanya. Moja ina mankozebu peke yake. Nyingine ina metalaksili na mankozebu. Jina la mbele ni tofauti, rangi ni tofauti, kampuni ni tofauti. Anasema, "Bwana shamba, nachanganya mbili ili zishike vizuri." Namwambia ageuze pakiti asome maandishi madogo, pale palipoandikwa kiambato hai. Akisoma anakuta mankozebu huku na mankozebu kule. Hajaongeza dawa ya pili, amerudia dawa ileile kwa jina jingine, na dozi imezidi.

Somo hilo nimelifundisha miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba linahusu pia kabati la dawa nyumbani kwangu.

Ilivyonianza

Walioko huku Kilolo wanaijua baridi ya Juni na Julai. Asubuhi ukungu umelala bondeni, pikipiki haitaki kuwaka, na kila nyumba kuna mtu anakohoa. Mwaka jana mwezi wa saba mafua yalinikamata nikiwa na ratiba ya vijiji vitatu. Kichwa kinagonga, pua imeziba, kifua kinakwaruza, na mgongo unauma kwa kukaa kwenye pikipiki.

Nyumbani tulikuwa na panadol, kama karibu kila nyumba. Nikawa nameza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Hapo sikukosea. Hiyo ni dozi ya kawaida ya mtu mzima.

Siku ileile nilipita kwenye duka la mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi chetu cha nyanya. Aliponiona tu akasema, "Kamwene, bwana shamba! Mbona macho mekundu hivyo?" Nikamweleza. Akachukua mkasi, akakata vidonge vya mafua kutoka kwenye karatasi yake, akanifungia kwenye kipande cha gazeti. "Kimoja mara tatu. Wote hapa wanapona na hivi." Nikamshukuru, nikalipa, nikaenda zangu.

Jioni mgongo ukakataa kabisa. Shemeji yangu aliyekuwa amekuja kututembelea alikuwa na vidonge vya maumivu, alivyopewa alipoumia goti. Akanipa, kimoja asubuhi na kimoja usiku.

Kichwani mwangu nilikuwa na dawa tatu kwa kazi tatu: ya kichwa, ya mafua na ya mgongo. Nilijiona mtu makini, kwa sababu kila dawa niliinywa kwa dozi yake na sikuzidisha hata kidonge kimoja.

Siku ya pili nilisinzia juu ya pikipiki. Nilizinduka tairi la mbele likiwa tayari kwenye majani ya kando ya barabara. Nikadhani ni uchovu. Chakula hakikupita. Nilikuwa nakunywa chai tu na kumeza vidonge. Siku ya nne asubuhi harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilinitoa jikoni mbio. Nilitapika mara tatu kabla ya saa nne, na chini ya mbavu upande wa kulia palikuwa panauma nikipagusa. Mke wangu hakuniuliza ninaonaje. Aliita bodaboda tukaenda kituo cha afya.

"Nisomee hapa, baba"

Tabibu aliyetupokea alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Alinipima malaria, hakukuwa na malaria. Akaniuliza ninatumia dawa gani. Nikasema panadol, na vidonge vya mafua, na vya mgongo. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mke wangu, "Mama, tafadhali rudi nyumbani ulete kila alichokunywa, pamoja na karatasi zake."

Cha mafua hakikuwa na karatasi, kilikuwa kwenye gazeti. Ilibidi mke wangu apite dukani kuomba boksi lenyewe. Vilipofika vyote, tabibu alivipanga mezani, akanisogezea.

"Nisomee hapa, baba. Maandishi madogo."

Panadol: paracetamol 500 mg.

Vidonge vya mafua: paracetamol 500 mg, klofenilamini, fenilefrini, kafeini.

Vidonge vya mgongo: diklofenaki 50 mg, paracetamol 500 mg.

Nilipofika kwenye la tatu sauti ilinipungua. Akachukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya kadi yangu. Panadol sita kwa siku ni miligramu 3,000. Vidonge vitatu vya mafua ni 1,500. Viwili vya mgongo ni 1,000. Jumla 5,500 kwa siku, na mwisho wa mtu mzima mwenye afya ni 4,000 kwa saa 24. Nilikuwa nimezidisha miligramu 1,500 kila siku, siku tatu mfululizo, tumbo likiwa tupu.

Kisha akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, akanitazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye unayemfundisha mama yangu kusoma lebo za sumu?" Hakusema kwa dharau. Lakini ningepata shimo, ningeingia.

Hawakunichelewesha. Nilipelekwa hospitali ya rufaa mjini siku hiyohiyo. Damu ilionyesha kwamba ini limeumia. Walinitundikia dripu ya asetilisisteini, dawa inayosaidia ini dhidi ya sumu ya paracetamol, wakawa wanarudia vipimo. Siku ya tatu namba zilianza kushuka, na baada ya wiki chache zilirudi sawa. Daktari wa wodi aliniambia nina bahati kwamba nilitapika mapema nikaja. Wapo wanaofika macho yamekuwa ya njano, na wengine hawarudi nyumbani.

Kwa nini dawa nzuri iligeuka sumu

Sitaki mtu aondoke hapa akiiogopa paracetamol. Kwa dozi yake ni dawa nzuri na salama ya homa na maumivu. Tatizo ni jinsi mwili unavyoishughulikia.

Sehemu kubwa ya paracetamol ini huitengeneza ikatoka kwenye mkojo bila shida. Sehemu ndogo hugeuka kitu chenye sumu. Ini lina akiba yake ya kuizima sumu hiyo. Ukinywa dozi ya kawaida akiba inatosha. Ukizidisha, au ukiwa huli, au ukiwa mnywaji mkubwa wa pombe, akiba inaisha na sumu inaanza kuua ini lenyewe. Msimu wa ulanzi hapa kwetu watu wengi hunywa asubuhi hadi jioni na kula kidogo. Hao dozi ya kawaida inaweza kuwa nyingi kwao, na ni lazima waulize kabla.

Jambo baya zaidi ni kwamba siku ya kwanza unaweza usisikie lolote, au ukasikia kichefuchefu tu. Ini linaonyesha madhara yake siku ya pili, ya tatu, ya nne. Na dripu ile inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane tangu mtu azidishe. Kwa hiyo ukigundua kwamba wewe au mtoto mmezidisha, msikae nyumbani kusubiri dalili. Nendeni hospitali mkiwa wazima, na mchukue karatasi za dawa.

Vilivyofichwa ndani ya kidonge kimoja

Dawa za mchanganyiko si mbaya kwa sababu ni mchanganyiko. Ubaya ni kwamba unajua jina la boksi na hujui umemeza nini. Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila karatasi inayopita mbele yangu, na nimeona haya:

*Paracetamol* imo kwenye vidonge vingi vya mafua, vya kikohozi, vya maumivu ya hedhi na vya mgongo. Dawa inayotumwa na ndugu aliyeko Marekani inaweza kuandikwa *acetaminophen*. Ni paracetamol hiyohiyo.

*Aspirini, ibuprofen na diklofenaki* ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukinywa mbili kwa pamoja hupati nafuu mara mbili, unajiongezea hatari ya vidonda vya tumbo, kuvuja damu na kuumiza figo. Kwenye karatasi aspirini huandikwa pia *acetylsalicylic acid*. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini bila amri ya daktari. Mjamzito asimeze dawa za ukoo huu bila kuuliza kliniki.

*Klofenilamini*, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton, hukausha pua na huleta usingizi. Ndiyo iliyonisinzisha kwenye pikipiki. Bodaboda, dereva wa trekta, anayelisha mashine ya kupukuchua mahindi, wote wakae mbali na kazi hizo wakiwa wameinywa. Ukichanganya na pombe usingizi unakuwa mzito zaidi.

*Fenilefrini na pseudoefedrini* huzibua pua kwa kubana mishipa ya damu. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa moyo asiguse bila kuuliza.

*Kodeini* imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na maumivu. Hulevya, hujenga utegemezi, na inaweza kuzuia pumzi ya mtoto. Asipewe mtoto chini ya miaka 12.

Mama mwenye duka

Nilipopata nguvu nilikwenda kumwona yule mama. Habari zilimfikia mapema, maana mke wangu alikwenda kuchukua boksi kwake. Alikuwa hajalala vizuri siku hizo. Aliponiona alianza kuomba msamaha, nikamzuia. Vidonge vyake havikuwa vibaya wala dozi aliyonitajia haikuwa mbaya. Yeye hakujua kwamba nina panadol nyumbani na vya shemeji mfukoni. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Tulikaa kwenye benchi la nje tukazungumza kwa kirefu. Nikamwambia kwamba sheria iko wazi: dawa zinauzwa kwenye famasi na kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali, siyo pamoja na sabuni na chumvi. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yakasambaa mikoani kwa sababu hiihii, ili mtu wa kijijini apate dawa kwa mtu aliyefundishwa kuitoa.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Bwana shamba, hayo ni kweli. Lakini duka la dawa muhimu liko kilomita sita. Saa tatu usiku mama anagonga, mtoto anawaka homa. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Tulichokubaliana siku ile ndicho anachofanya mpaka leo. Ameacha kuuza vidonge vya mafua na vya maumivu. Ameacha kabisa zile "dozi" za gazeti, ambamo mtu anapewa kidonge cheupe, cha njano na kapsuli ya rangi mbili. Ile kapsuli ni antibiotiki, na antibiotiki haiui virusi vya mafua. Ukutani amebandika namba za bodaboda wawili wanaokubali kutoka usiku, na namba ya muuguzi wa zahanati. Mwenye mtoto mwenye homa anaambiwa amvue nguo nzito, ampe maji au maziwa ya mama, na amfikishe zahanati akapimwe malaria. Homa iliyofunikwa kwa panadol siku tatu inaweza kuwa malaria inayokua kimyakimya.

Nilimuuliza juzi biashara ikoje. Akacheka kidogo. "Wengine wamenikasirikia, wanakwenda duka la pili. Lakini nalala." Wale wa duka la pili nao ni wateja wangu wa mbegu. Nitakwenda kukaa na kwenye benchi lao.

Mambo ya kushika

1. Geuza boksi kabla ya kumeza. Jina kubwa la mbele ni la kampuni. Dawa ni yale maandishi madogo yanayoanzia *Each tablet contains*, yaani kila kidonge kina nini. Kama husomi, mpe mtoto wa shule akusomee.

2. Ukikuta neno lilelile kwenye boksi mbili, chagua moja. Nyingine rudisha kabatini.

3. Paracetamol ya 500 mg kwa mtu mzima ni kidonge kimoja au viwili, upite muda wa angalau saa nne ndipo urudie, na visizidi vinane kwa saa 24 ukihesabu na vilivyomo kwenye dawa nyingine. Mtu mwepesi sana, mgonjwa wa ini au mnywaji aulize kwanza, maana chake ni pungufu.

4. Usikubali karatasi iliyokatwa ikakosa jina na tarehe ya mwisho. Ukipewa kwenye gazeti, omba uone boksi, uandike jina.

5. Mtoto hapimiwi kwa kukisia kidonge cha mkubwa. Dozi yake inafuata uzito wake, na dawa ya maji inapimwa kwa kile kikombe au bomba lililokuja nayo. Vijiko vya nyumbani havilingani, kama vile vizibo vya soda mnavyopimia sumu visivyolingana. Watoto chini ya miaka 6 wasinunuliwe dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi bila mtaalamu. Aliyevuka mwaka mmoja anaweza kupewa asali kidogo kutuliza kikohozi. Chini ya mwaka mmoja asali ni hatari, asipewe.

6. Dawa ya maji ya mtoto inunuliwe dukani penye kibali tu. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, zikiwa na kemikali za jamii ya glaikoli ambazo kazi yake ni viwandani na kwenye kipoza injini. Vifo vya watoto zaidi ya 60, waliokufa figo zimeshindwa kazi, vilihusishwa nazo. Mwenye kibali anajulikana alikonunua, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikisema dawa fulani irudishwe, yeye anafikiwa.

7. Kikohozi kikifika wiki mbili, acha kununua dawa. Nenda ukapime kifua kikuu. Kupima na kutibiwa ni bure. Damu kwenye makohozi, kubanwa pumzi, au mtoto anayevuta mbavu ndani akipumua, usisubiri hata siku moja.

8. Hili ni la kwetu sisi wa mashambani. Kichwa kikiuma na kifua kikibana baada ya kupiga dawa ya wadudu, usimeze panadol ukalala. Kama jasho na mate vinatoka sana, macho hayaoni vizuri, misuli inacheza, hiyo ni sumu imeingia mwilini. Vua nguo ulizopigia dawa, oga kwa maji mengi na sabuni, kimbizwa hospitali, na lebo ya sumu uende nayo mkononi.

Karatasi ya hesabu ya yule binti ninayo mpaka leo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati letu la dawa, na siku hizi dawa ya nyumba nzima inakaa hapo, mahali pamoja, juu, mbali na watoto na mbali na stoo ya viuatilifu. Anayetaka kumeza anaandika alichomeza na saa. Mke wangu ndiye mkaguzi, na hana huruma.

Juzi kwenye shamba darasa mkulima mmoja alinishika. Nilikuwa nakohoa, nikatoa kidonge mfukoni. Akaniambia mbele ya kikundi kizima, "Bwana shamba, geuza pakiti kwanza." Watu walicheka, nikageuza, nikawasomea kwa sauti.

Nanyi mgeuze. Nawatakia msimu mwema.